Huzuni isiyo na matanga



Yako magonjwa ambayo majirani wote huyaheshimu. Mtu akishikwa na malaria, huyu anamletea maji, yule anamtafutia pikipiki ya kumfikisha kwenye kituo cha afya. Akivunjika mguu, hakuna anayemwambia: «Jikaze, usimame, utembee.» Lakini uko ugonjwa usio na homa, usio na kidonda, usio na kikohozi. Mwenye kuugua anaonekana mzima. Basi watu wanamwita mvivu, au mwenye kiburi, au mtu aliyelogwa, au Mkristo wa imani haba. Waganga wetu wa hospitali wanautaja kwa jina la Kifaransa, depresioni, ndugu zetu wa Tanzania wanauita sonona, mitaani kwetu tunasikia tu: «Yule ana mawazo mengi.» Katika makala hii nitauita ugonjwa wa huzuni.

Naujua ugonjwa huo, maana ulinikaa mwilini na moyoni mwaka wa 2011, nilipokuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja ya Bukavu. Siandiki ili nijionyeshe. Naandika kwa sababu mwaka huu ugonjwa uo huo umeingia tena katika jamaa yetu, na nusura umfukuzishe nyumbani mjane mzee asiye na kosa lolote. Mjane huyo aliokolewa na kitu kimoja tu: kwamba baadhi yetu tulijua jina la ugonjwa. Ndiyo maana nataka wasomaji nao walijue.

UGONJWA HUU NI NINI?

Kwanza tutenganishe huzuni na ugonjwa wa huzuni. Huzuni ni ya wanadamu wote. Mtu akifiwa, analia. Mwanafunzi akishindwa mtihani, anakosa hamu ya kula siku mbili tatu. Baba akipoteza kazi, anakaa kimya. Huzuni hiyo ina sababu, nayo huja kama mawimbi ya ziwa: yanapiga, kisha yanarudi nyuma. Hata matangani, katikati ya kilio, mtu husimulia kisa cha marehemu, na wafiwa wakacheka kidogo. Mwenye huzuni ya namna hiyo kwa kawaida hahitaji dawa. Anahitaji ndugu, na muda, na sala.

Ugonjwa wa huzuni ni jambo jingine. Waganga wanautambua kwa alama zake. Mbili ndizo kubwa: ya kwanza, moyo kuwa mzito karibu mchana kutwa na karibu kila siku, ya pili, mtu kupoteza raha ya mambo aliyoyapenda. Pamoja na hizo huja nyingine: usingizi kukatika, au kuzidi, kukosa hamu ya chakula na kukonda, au kula kupita kiasi, uchovu usiopungua hata baada ya kupumzika, kushindwa kukaza akili katika kazi au masomo, usemi na mwendo kuwa wa polepole, au kinyume chake, mtu kutotulia mahali, kujiona si kitu na kujihukumu kwa makosa yasiyokuwako, kuikatia tamaa siku ya kesho, na kuwaza kifo. Alama kadhaa za namna hii zikidumu pamoja juma mbili au zaidi, hata zikamzuia mtu kazi yake na maisha yake, basi huo si uchovu wa kupita. Ni ugonjwa.

Wala si ugonjwa wa Wazungu, kama wengine wanavyosema. Shirika la Afya la Ulimwengu limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 duniani wanaugua, na wanawake huugua kuliko wanaume. Huko Zimbabwe, lugha ya Kishona ina neno «kufungisisa», yaani kuwaza kupita kiasi. Huko Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, wachunguzi walipowauliza watu wa vijijini, walikuta wana majina yao wenyewe ya hali ya mtu anayejichukia na kujisikitikia. Wazee walikuwa wamekwisha kuuona ugonjwa huu na kuupa jina katika lugha zao.

Na sababu yake? Si moja. Wengine wanazaliwa katika ukoo ambamo ugonjwa huu umepita tangu mababu. Wengine wamepatwa na mambo mazito: vita, kukimbia makwao, kubakwa, kufiwa na wengi kwa mara moja, umaskini usiokwisha, ndoa ya kupigwa, ugonjwa wa muda mrefu. Mara nyingi mambo haya hukutana, na kazi ya ubongo yenyewe huvurugika. Mara nyingine tena mtu hashikwi na jambo lolote linaloonekana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu.

ULIVYONISHIKA

Hapakuwa na kifo nyumbani. Watoto wetu wanne walikuwa wazima. Mke wangu aliuza sambaza katika soko la Kadutu. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa mdogo tangu zamani. Hata hivyo, mwezi wa pili wa mwaka ule nilianza kuamka saa tisa ya usiku, usingizi usirudi. Nilikaa macho wazi gizani, nikisikiliza moyo wangu ukipiga, nikingojea kengele ya misa. Kulipokucha ndipo hali ilipokuwa mbaya kuliko saa zote. Kuvaa viatu tu kulikuwa kazi kubwa: kwanza cha kulia, halafu kupumzika, halafu cha kushoto. Jioni mzigo ulipungua kidogo. Baadaye mganga alinieleza kwamba hiyo nayo ni alama ijulikanayo: wagonjwa wengi huteseka zaidi asubuhi.

Darasani chaki ilikuwa nzito mkononi. Nilianza hesabu ya kugawanya ubaoni, nikasahau nilikuwa nagawanya nini, na watoto 58 wakanitazama kimya. Madaftari ya imla yalirundikana mezani. Mke wangu alipika sombe, chakula nilichokipenda tangu utoto, nacho kikawa kama karatasi kinywani. Mtoto wetu wa mwisho alipopiga hatua zake za kwanza, jamaa yote ilishangilia. Mimi niliona kwa macho, lakini furaha haikunifikia. Hili ndilo gumu kulieleza kwa mtu ambaye hajapita huko: sikuwa nalia. Kulia kungalikuwa nafuu.

Watu wakatoa maelezo yao. Mkubwa mmoja kazini alisema nimechoka, niwaachie vijana nafasi. Shangazi yangu alikumbuka ugomvi wa shamba kati ya baba yangu na ndugu yake kijijini, akasema bila shaka nimelogwa. Akamtaja na mfumu wa kumwendea. Jirani alitupeleka kwenye chumba kimoja cha maombi, ambako walitaka nifunge siku tatu bila kula wala kunywa, na tutoe dola 50. Mke wangu akawajibu kwa upole: «Mtu huyu tayari hali. Tumfungishe nini tena?» Tukarudi nyumbani.

Aliyenitoa alikuwa mwenzangu wa darasa la tano. Hakunihubiria. Alikuja baada ya masomo, akachukua nusu ya madaftari yangu, akaketi, akayasahihisha. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya nne akasema: «Mwalimu, kaka yangu alikuwa hivi hivi mwaka wa 2006. Alitibiwa, na sasa anafanya kazi. Kesho kutwa mchana sina darasa. Tutakwenda pamoja.» Hakusema «nenda», alisema «tutakwenda». Mwenye ugonjwa huu hana nguvu ya kuanza safari peke yake, hata safari ya nusu saa. Yeye alinipa nguvu yake.

Mganga aliniuliza maswali karibu saa nzima: usingizi, chakula, pombe, wazazi wangu, kama kuna mtu wa ukoo aliyeugua hivyo. Alipima damu, maana yako magonjwa ya mwili yanayofanana na huzuni: upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, kifua kikuu, Ukimwi, hali kadhalika pombe na dawa nyingine. Kisha akaniuliza wazi: «Umewaza kufa?» Nikajibu: «Ndiyo.» Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hilo mbele ya mtu, na kulisema kulinipunguzia mzigo. Wengi wanaogopa kuuliza swali hilo, wakidhani watampa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Waganga wamechunguza jambo hili, wakaona kwamba kuuliza kwa upole hakumsukumi mtu kwenye hatari. Kunamfungulia mlango wa kuomba msaada.

NAMNA ZAKE

Ugonjwa wa huzuni hauna uso mmoja, na hiyo ni sababu moja inayofanya tusiutambue.

Iko namna nyepesi: mtu anaendelea na kazi, lakini kwa taabu kubwa. Iko namna nzito: mtu haamki kitandani, haogi, hasemi, na pengine anasikia sauti zinazomhukumu. Iko namna isiyo kali lakini ndefu, inayodumu miaka miwili na zaidi, hata watu wakasema: «Ndivyo alivyoumbwa.»

Iko namna ya watu wa siku mbili. Leo mtu amezama katika huzuni. Baada ya miezi anafurika nguvu, halali, anasema bila kupumua, anagawa mali, anapanga biashara kumi kwa mara moja, anagombana na anayemzuia. Huu ni ugonjwa wa aina yake, nao una dawa zake. Mwaka wa 1949 mganga John Cade wa Australia alionyesha kwamba chumvi ya lithiamu huwatuliza wagonjwa waliopandwa na nguvu hizo, na lithiamu ingali yatumika. Ndiyo maana yapasa kumweleza mganga juu ya siku za furaha kupita kiasi pia. Dawa ya huzuni ikitolewa peke yake kwa mgonjwa wa namna hii, yaweza kumpandisha upande wa pili.

Kwa wanaume, mara nyingi huzuni huvaa nguo za hasira na pombe. Baba aliyekuwa mpole anaanza kupiga kelele, halafu anatafuta usingizi katika chupa ya kanyanga. Lakini pombe huongeza huzuni siku inayofuata. Kwa wazee, huja kama maumivu ya mgongo, ya kichwa, ya tumbo, na usahaulifu. Kwa watoto na vijana, huonekana katika uchokozi, kujitenga na wenzao, kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, na alama za darasani kushuka ghafula. Ninyi walimu, mwanafunzi mwema anapobadilika hivyo, kabla ya kushika fimbo, shikeni kiti, mkae naye.

MAMA ALIYEJIFUNGUA

Namna moja nataka kuisimulia kwa urefu, maana ndiyo iliyoingia nyumbani kwetu mwaka huu.

Mdogo wangu wa kike alijifungua mtoto wa tatu baada ya Pasaka. Siku za kwanza alilia lia, nasi hatukushangaa. Mama wengi hulia siku chache baada ya kuzaa, kwa uchovu na kwa mabadiliko ya mwili, na machozi hayo hukauka yenyewe kabla ya juma mbili kwisha. Lakini kwake juma la tano lilifika, la sita likafika. Alimnyonyesha mtoto huku akitazama ukuta. Mtoto alipolala, yeye hakulala. Alimwambia mume wake: «Mimi ni mama mbaya. Mtoto huyu angepata mama mwingine.» Alikuwa amewalea wawili wa kwanza kwa nyimbo na vicheko.

Wakubwa wa jamaa wakakutana. Baba mkubwa wa mume alisema sababu inajulikana. Shangazi ya mume, mjane asiye na watoto, analala katika chumba cha nyuma. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbeba mtoto. Macho yake mekundu. (Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka 50 jikoni.) Wengine wakaitikia. Ilikuwa imebaki kuamua tu ni siku gani atatolewa, na wapi mama mzee wa miaka zaidi ya 70 atapelekwa. Yeye alikuwa ameketi karibu na mlango, akisikia yote, mikono yake mapajani. Hakujitetea. Katika nchi yetu sote tunajua linalowapata wajane wanapokwisha kuitwa wachawi.

Ndipo nilipoomba neno. Niliwaambia: «Baba zangu, ugonjwa huu mimi nimeulala na kuuamka. Mwaka wa 2011 mlisema nimelogwa na baba mdogo. Baba mdogo alikufa mwaka uleule, na mimi nilikuwa ningali mgonjwa. Aliyenilipia pikipiki ya hospitali mara mbili ni yeye. Tuiteni kwanza muuguzi wa uzazi. Shangazi hatakimbia.» Walinung'unika, lakini walikubali kungoja siku mbili.

Muuguzi alikuja na karatasi yenye maswali 10. Maswali hayo yalitungwa Uskoti, katika mji wa Edinburgh, yakatangazwa mwaka wa 1987, nayo yametafsiriwa katika lugha nyingi: je, katika siku saba hizi umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umekosa usingizi kwa huzuni? Na la mwisho, umewaza kujidhuru? Alimwuliza mdogo wangu peke yake, mlango umefungwa. Alipotoka alieleza kwamba, kadiri ya hesabu za Shirika la Afya la Ulimwengu, katika wanawake 100 wenye mimba au waliojifungua karibuni, zaidi ya 10 hupatwa na ugonjwa huu. Baba mkubwa akauliza: «Na wote hao wana shangazi mwenye macho mekundu?» Watu wakacheka, naye akacheka kwanza. Siku hiyo mjane alibaki nyumbani.

Muuguzi alituonya pia juu ya hatari moja ambayo ni ya nadra. Mama aliyezaa karibuni akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akasikia sauti, akadai mtoto si wake au ni shetani, basi msingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali siku ile ile, na mtoto asiachwe naye peke yake.

Mdogo wangu anatumia dawa ambayo mganga aliichagua akijua ananyonyesha. Hajapona kabisa. Lakini alfajiri yule mjane anamchukua mtoto, anambeba mgongoni, anatembea naye uani, ili mama apate usingizi wa saa mbili. Juma lililopita nilimkuta mdogo wangu akimsuka binti yake nywele. Polepole, lakini alikuwa akisuka.

DAWA NA MAZUNGUMZO

Matibabu ni ya njia mbili: dawa na mazungumzo. Namna nyepesi mara nyingi hupona kwa mazungumzo. Namna nzito huhitaji yote mawili.

Dawa za ugonjwa huu hazikujulikana zamani. Katika miaka ya 1950, mganga Roland Kuhn wa hospitali ya Münsterlingen, nchini Uswisi, alijaribu dawa iliyoitwa imipramini kwa ajili ya ugonjwa mwingine wa akili. Haikuufaa ugonjwa ule, lakini aliona wagonjwa waliozama katika huzuni wakiinuka. Alitangaza jambo hilo mwaka wa 1957. Tangu hapo dawa nyingi zimepatikana, na baadhi yake, kama amitriptilini na fluoksetini, zimo katika orodha ya Shirika la Afya la Ulimwengu ya dawa za lazima.

Mambo matatu yapasa kujulikana juu yake. La kwanza, hazifanyi kazi siku ile ile. Mara nyingi zinahitaji juma mbili hata nne, pengine zaidi. Kwangu, juma mbili za kwanza zilileta ukavu wa kinywa tu, na nilitaka kuzitupa. Juma la tatu nililala mpaka saa kumi na moja ya asubuhi. La pili, mtu asiziache mara aonapo nafuu. Mganga aliniamuru kuendelea miezi tisa baada ya kupona, kisha akazipunguza kidogo kidogo. Kuziacha ghafula hudhuru, na ugonjwa waweza kurudi. La tatu, kwa mgonjwa mwenye mawazo ya kifo, dawa zishikwe na mtu mwingine wa nyumbani, ampe za siku tu.

Na mazungumzo? Wengine wanayadharau: «Maneno yataponya nini?» Tuangalie mambo yaliyofanyika hapa Afrika. Huko Masaka na Rakai, vikundi vya watu wenye huzuni vilikutana kila juma kwa muda wa juma 16, na habari zake zikatangazwa mwaka wa 2003: waliokutana walipona kuliko wale wasiokutana, kwa tofauti kubwa. Huko Harare, mwaka wa 2006, mganga Dixon Chibanda alianza kazi na bibi wazee 14 wa mtaa wa Mbare. Aliwafundisha kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kituo cha afya, kusikiliza, na kumsaidia mtu kutatua shida moja kwanza, halafu nyingine. Na hapa kwetu, katika Kivu ya Kusini, wanawake waliobakwa vitani walikusanywa katika vikundi vilivyoongozwa na wasaidizi wa huko huko waliofundishwa kazi hiyo, wala si waganga wakubwa. Wengi hawakujua kusoma. Walijifunza yote kwa moyo. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2013: miezi sita baada ya mafundisho, katika 100 wa vikundi hivyo, waliobaki na alama za huzuni au hofu kubwa walikuwa 9, katika wale waliosaidiwa kwa njia ya kawaida, mmoja mmoja, walibaki 42. Basi maneno yanaponya, yakisemwa kwa utaratibu na mtu aliyefundishwa.

JE, NI UPUNGUFU WA IMANI?

Wasomaji wengi watauliza swali hili, nami niliulizwa mara nyingi. Tumkumbuke nabii Eliya katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme. Baada ya ushindi mkubwa alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtoe uhai. Mungu hakumkaripia. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji kwa mkono wa malaika, akamwacha alale tena, akamlisha tena, ndipo akamwonyesha njia. Usingizi, chakula, mwenzi, kisha safari: ndivyo hata mganga anavyofanya. Na Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa dawa zimetoka kwa Mungu. Anayesali na kutumia dawa hajigawi mara mbili.

Hata kuhusu wale waliojitoa uhai, Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotangazwa mwaka wa 1992 inafundisha kwamba mvurugiko mkubwa wa akili, au hofu kubwa, hupunguza hatia ya mtu; nasi tusiukatie tamaa wokovu wao, bali tuwaombee. Kwa hiyo tusiwatupie jamaa zao mawe ya maneno.

NENO KWA WALIO NYUMBANI

Ninyi wazazi, wake, waume, na wanafunzi wakubwa, mtu wenu akibadilika, fanyeni hivi. Ketini naye bila haraka. Msimwambie «jikaze», wala «wengine wana shida kuliko wewe». Anajua, na kujua kwamba anajua kunamzidishia aibu. Mwulizeni anavyolala na anavyokula. Mkihofu, mwulizeni wazi juu ya kifo. Na akikubali, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe, mkampeleke kwa mganga mara moja. Mpunguzieni kazi moja anayoshindwa, kama mwenzangu alivyoyachukua madaftari. Mtoeni nje kidogo kila siku, atembee juani. Pombe iwekwe mbali. Na mwende naye, msimtume.

Mwende wapi? Kwanza kituo cha afya kilicho karibu. Tangu mwaka wa 2008 Shirika la Afya la Ulimwengu lina mpango wa kuwafundisha waganga na wauguzi wa kawaida kuutambua ugonjwa huu. Kwa wagonjwa wazito, Mafureri wa Upendo, shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest huko Ghent, Ubelgiji, mwaka wa 1807, wamefanya kazi ya kuwauguza katika nchi yetu: mjini Bukavu katika kituo cha SOSAME, mjini Goma katika Tulizo Letu, mjini Lubumbashi katika kituo chenye jina la mganga Joseph Guislain. Katika siku hizi za vita njia hufungwa na kufunguka. Ulizeni kwanza kwa muuguzi au kwa padri wenu njia iliyo salama.

Nawe msomaji unayeamka saa tisa ya usiku, ukiwa umeshika gazeti hili kwa mkono mzito: ugonjwa wako una jina, nao unatibika. Leo usijaribu kutengeneza maisha yako yote. Chagua mtu mmoja, mwambie neno moja: «Ninaugua.» Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sema ungali hai, na umwache akushike mkono. Njia ni ya polepole, lakini wengi wameipita, na sisi tulioipita tunakungojea upande huu.